Mafunzo ya Uzazi Kabla ya Ndoa: Kutoka kwa Kungwi hadi Simu ya Mkononi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, binti hakuingia nyumbani kwa mume kabla ya kufundwa. Kazi hiyo haikuwa ya mama mzazi, kwa kuwa baina ya mama na bintiye kulikuwa na haya isiyovukwa. Ilikabidhiwa mwanamke mwingine, kungwi au somo, aliyeandamana na mwari tangu avunje ungo hadi siku za fungate. Kungwi ndiye aliyemweleza namna ya kujitunza katika hedhi, kuhesabu siku zake, usafi wa mwili, tendo la ndoa, adabu ya kukaa na mume na wakwe, na dalili za mimba inapoingia. Alilipwa nguo, chakula na fedha kidogo. Zaidi ya hayo alipata nafasi ya kudumu katika maisha ya yule binti: hata baada ya kuzaa watoto kadhaa, mwanamke aliendelea kumwendea somo wake kwa jambo asiloweza kumwambia mtu mwingine.

Maandishi ya zamani yanaithibitisha desturi hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliieleza mila ya malezi, unyago na ndoa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Nusu karne kabla yake, kiasi cha mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha akiwa mgonjwa. Utenzi ule mara nyingi hutajwa kuwa ndio mfano wa juu wa elimu ya ndoa ya Waswahili, lakini una mipaka yake. Mkazo wake ni dini, heshima, usafi na namna ya kumridhisha mume. Mambo ya mwili wa uzazi hayakuwa ya kuandikwa. Yalikuwa ya mdomo, ya ngoma na ya chumba kilichofungwa, na ndiyo sababu historia yake ni ngumu kuifuatilia kuliko historia ya tenzi.

Unyago wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu bara. Wayao, Wamakua, Wamakonde na watu wa pande za Ziwa Nyasa walikuwa nao, na katika karne ya 19 wanawake wengi wa jamii hizo walifikishwa Zanzibar, Mombasa na Pangani wakiwa watumwa. Walikuja na ngoma zao. Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu katika historia ya jamii ya mwambao: mwanamke mtumwa, au aliyekuwa mtumwa, akawa mwalimu wa binti wa nyumba kubwa. Katika shughuli za mchana alikuwa chini. Katika chumba cha mwari alikuwa juu, na mama mwenye nyumba alimtii. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, unyago haukufa. Ulienea zaidi, kwa kuwa wanawake wa asili mbalimbali waliutumia kujenga undugu mpya mjini. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude na kufariki Aprili 2013, alikuwa maarufu kwa taarabu, lakini Unguja watu wengi walimjua kwanza kwa msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, na kwa wari aliowafunda.

Mafunzo hayakutolewa kwa hotuba. Mwari alikaa chini, kichwa kimeinamishwa, amefunikwa kanga, na hakuruhusiwa kujibu. Kungwi aliimba fumbo, wanawake wakaitikia, kisha fumbo likachezwa kwa kiuno na mikono mpaka maana yake ikaonekana. Baadaye mwari aliulizwa: wimbo ule ulikusudia nini? Aliyekosea aliimbiwa tena. Baadhi ya jamii za kusini zilitumia shanga kama vifaa vya kufundishia. Mke alifundishwa kuweka shanga nyekundu akiwa katika hedhi na nyeupe akiwa safi, ili mume aone na aelewe bila neno kusemwa. Kwa hiyo binti aliingia katika ndoa akijua kwamba mwili wake una mzunguko, kwamba mzunguko huo una siku, na kwamba mume anapaswa kuujua. Si elimu ndogo hiyo. Wasichana wengi waliopita shule miaka mia moja baadaye waliolewa bila kuipata.

Upungufu wake pia ulikuwa mkubwa. Kungwi hakuweza kujua kinachotokea ndani ya damu, na mtoto aliyezaliwa na maradhi alihesabiwa kuwa wa kudra au wa husuda. Siri iliyomlinda mwari ndiyo iliyolinda makosa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasahihisha mafunzo yasiyosemwa hadharani. Mvulana alikuwa na jando lake, lakini huko mkazo ulikuwa tohara, ujasiri na adabu. Kuhusu mimba ya mke wake hakuambiwa mengi. Na kwa kuwa unyago ulifuata kuvunja ungo, mara nyingi ulimtangaza mtoto wa miaka 13 au 14 kuwa yuko tayari kuolewa. Mwili uliopevuka kwa hedhi haujapevuka kwa kuzaa, na wasichana waliofia uchungani walilipa gharama ya kosa hilo. Pamoja na hayo, kulikuwa na jambo moja ambalo desturi ililipata sawasawa na ambalo hospitali zilichukua muda mrefu kulifikia: mafunzo yalitolewa kabla. Kungwi alikuja mimba ikiwa bado haijatungwa.

Wamisionari walipofika walikuta mafunzo haya na wengi wao waliyapinga. Wachache waliyachunguza. Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, aliunda jando na unyago wa Kikristo, wenye sala mahali pa matambiko na wenye walimu waliokubaliwa na kanisa. Kilimanjaro, Mlutheri Bruno Gutmann aliandika mafundisho ya Wachaga kwa vijana wao katika majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Mahali pengine kanisa liliweka mafundisho yake yenyewe ya ndoa: wachumba walikutana na padri au katekista, ndoa ikatangazwa kanisani, na somo likahusu kiapo, uaminifu na malezi ya watoto katika imani. Misikitini, nasaha za nikaha zilihusu haki za mke na mume. Katika yote hayo mwili uliachwa kando. Serikali ya kikoloni nayo ilijenga zahanati za wazazi, lakini zilimpokea mwanamke akiwa tayari ana mimba. Tangu hapo elimu ya uzazi iligawanyika pande mbili: dini ilikuwa na wachumba bila tiba, na tiba ilikuwa na wajawazito bila wachumba.

Mgawanyiko huo haukuondoka na uhuru. UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, kilianzishwa mwaka 1959; Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967; Tanzania iliziweka huduma za mama na mtoto, pamoja na uzazi wa majira, katika zahanati za serikali kuanzia mwaka 1974. Mlengwa alikuwa mama. Kadi ya kliniki ilikuwa ya mjamzito, na baadaye ya mtoto. Msichana mwenye pete ya uchumba hakuwa na kadi, wala hakuwa na dirisha la kuuliza.

Kilichobadilika haraka zaidi kilikuwa njia ya kufundisha. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kiasi cha watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadili namna ya kuzuia malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Haikuwa kampeni ya ndoa, lakini ilithibitisha kwamba sauti kutoka mbali inaweza kufundisha afya ikiwa kuna mtu wa karibu wa kuifafanua. Redio kisha iliingia chumbani. Kenya ilirusha mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana mwaka 1987. Tanzania ilianza Twende na Wakati mwaka 1993: hadithi ya Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu ambaye mwishowe anaamua kusimama peke yake. Kati ya 1993 na 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kulinganisha. Waliokuwa wakiusikiliza walionyesha mabadiliko makubwa zaidi katika kuzungumza na wenzi wao na katika kutumia uzazi wa majira. Hilo la kuzungumza ndilo lenye uzito kwa historia hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza mume na mke walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja wakisikia somo lilelile.

Ukimwi ndio uliowapeleka wachumba hospitali. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 makanisa mengi na baadhi ya viongozi wa misikiti walianza kuwataka wachumba wapime kabla ya kufunga ndoa. Vituo vya ushauri nasaha vya Angaza vilipofunguliwa kuanzia mwaka 2001, wachumba walikuwa miongoni mwa waliopanga foleni. Nia ilikuwa njema, lakini madhara hayakukosekana: majibu yaliyofika kwa mchungaji kabla ya kumfikia mhusika, harusi zilizovunjwa mtaa mzima ukijua kwa nini, na wachumba waliokwenda kufunga ndoa mahali pasipouliza. Wamarekani walikuwa wamelijifunza hilo kwa gharama. Jimbo la Illinois lililazimisha kipimo cha virusi vya ukimwi kwa kila anayeoa au kuolewa kuanzia Januari 1988. Katika miezi sita ya kwanza walipimwa watu 70,846 na wakapatikana 8 wenye virusi, huku maelfu wakivuka mpaka kwenda kuoana majimbo jirani. Sheria ilifutwa mwaka uliofuata. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi, ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la ndoa. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kipimo kinachotolewa kwa amri humfundisha mtu kukikwepa. Kinachotolewa pamoja na maelezo humpa nafasi ya kuamua.

Ugonjwa wa selimundu unaonyesha vizuri zaidi kwa nini elimu lazima itangulie ndoa. James Herrick wa Chicago aliueleza mwaka 1910 baada ya kuona chembe za damu zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 ilibainika namna unavyorithiwa, na mwaka 1954 Anthony Allison, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mwenye kurithi jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hilo limejaa mahali palipokuwa na malaria, na misafara ya biashara na utumwa ikalifikisha hata Oman. Mwenye jeni moja haumwi na hana dalili. Akioana na mwenzake wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto mgonjwa. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani, na Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Saudi Arabia na Bahrain zilifanya kipimo cha damu kabla ya ndoa kuwa cha lazima mwaka 2004. Katika mwambao wa Afrika Mashariki kipimo kimebaki cha hiari, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba wachumba wengi hawajui kuwa kipo. Wengi hugundua hali yao siku mtoto wa kwanza anapovimba vidole na kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Mfano wa pili ni wa vitamini. Foliki asidi ilianza kufuatiliwa na daktari Lucy Wills, aliyekuwa akitibu wanawake wajawazito wenye upungufu wa damu Bombay, na taarifa yake ya 1931 ikafungua njia. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Uingereza, uliofanyika katika nchi 7, ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi walipunguziwa hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72 walipomeza foliki asidi kuanzia kabla ya mimba. Shina la uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi siku hizo bado hawajui kama wana mimba. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta kwamba robo tu hivi ya wajawazito huhudhuria kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kidonge kinachotolewa kliniki mimba ikiwa na miezi mitano huongeza damu, lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto kimechelewa kwa miezi minne. Kwa sababu hiyo Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi katika unga mwaka 2011, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2012. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine za vijijini kwa kawaida hayapati nyongeza hiyo, na ndiyo chakula cha wengi. Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu Geneva mwaka 2012 kuhusu afya kabla ya mimba. Katika mpangilio wa wakati, walikuwa wamefika pale kungwi alipokuwa amekaa siku zote.

Wakati huohuo kungwi mwenyewe alikuwa akibadilika. Katika miji kama Dar es Salaam, unyago wa siku nyingi ulipungua na nafasi yake ikachukuliwa na kicheni pati: ukumbi wa kukodi, sare, vyombo vya jikoni vya zawadi, kipaza sauti, na mfundaji anayelipwa kwa saa. Bibi harusi sasa ni mtu mzima, pengine mhasibu au mwalimu, aliyefika akiwa na maarifa yake. Mafunzo yamefupishwa hadi jioni moja, na mengi ni ya kuchekesha ukumbi na kumfurahisha mume. Kuhesabu siku, usafi wa uzazi na dalili za hatari, yaliyokuwa kiini cha kazi ya kungwi, yamesogezwa pembeni. Baadhi ya wafundaji wamehamia mitandaoni, wakiuza masomo kwa sauti katika makundi ya WhatsApp. Wengine hufundisha mambo ya maana. Wengine huuza dawa za kubana na kusafisha uke ambazo wataalamu wa afya huzikataza kwa sababu huchubua na kuleta maambukizi.

Sekta ya afya ilianza kuitumia simu karibu miaka hiyohiyo. Huduma ya m4RH ilifunguliwa Kenya na Tanzania mwaka 2010: mtu alituma ujumbe mfupi na kurudishiwa orodha ya njia za uzazi wa majira, akachagua namba na kusoma maelezo ya njia aliyoitaka. Ilitumika kwa simu ya vitufe, bila intaneti, na kijana angeweza kuuliza bila kutazamana macho na mtu. Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Aliyetuma neno mtoto kwenda namba 15001 aliulizwa umri wa mimba, kisha akaanza kupokea bure ujumbe uliolingana na wiki aliyofikia: kumeza dawa ya kuzuia malaria, kulala ndani ya chandarua, kuandaa usafiri wa kwenda kujifungua. Baba pia aliweza kujiandikisha na akatumiwa ujumbe wake mwenyewe. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko namba yoyote ya waliojisajili, kwa kuwa mafunzo ya kungwi hayakuwahi kumfikia mume moja kwa moja. Lakini swali la kwanza la huduma lilikuwa umri wa mimba. Wachumba walibaki nje tena.

Nchi iliyolijaribu jambo hili kwa ukubwa ni Indonesia. Mwaka 2021 idara yake ya idadi ya watu ilianzisha programu ya simu iitwayo Elsimil kwa wachumba, ikiwa sehemu ya juhudi za kupunguza udumavu wa watoto. Wachumba huombwa kujisajili miezi mitatu kabla ya harusi. Bibi harusi huingiza umri, uzito, kimo, wingi wa damu na mzingo wa mkono wa juu. Bwana harusi huulizwa pia kama anavuta sigara. Mkono wenye mzingo chini ya sentimita 23.5 huhesabiwa kuwa dalili ya lishe duni ya muda mrefu. Programu hutoa majibu na ushauri, na miezi mitatu ni muda unaotosha kuongeza damu kwa vidonge na chakula. Hapa ndipo tofauti ya Tanzania inapoonekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Siku hizo ziliwekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ni chache mno kwa kutibu upungufu wa damu. Lakini ndizo siku pekee ambazo serikali inajua kwa hakika kwamba watu wawili fulani wanakaribia kuoana.

Indonesia haikuiachia simu kazi yote. Kila eneo lilipewa timu ya watu watatu, mmoja wao mkunga, na timu zilizopangwa zilikuwa 200,000, ili mwenye majibu mabaya atembelewe nyumbani, apimwe tena na afafanuliwe. Tanzania nayo, Januari 2024, ilizindua mpango wa kuajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Wahudumu hao wanaishi na watu wanaowahudumia, na habari ya posa huwafikia muda mrefu kabla ya kumfikia msajili wa ndoa. Ushauri wa foliki asidi, kipimo cha damu na kipimo cha selimundu kwa wachumba wote wawili vinaweza kuingizwa katika kazi zao kuanzia siku posa inapokubaliwa.